Shavuni mwa Hamsta

Asubuhi mpima wanyama alifuta mizani kwa spiriti, akampandisha bata mwitu. Bata alipojikung'uta, maji ya kinamasi kizima yalimwagika sakafuni. Mhudumu aliyasukumia nje kwa ufagio, akinung'unika kwamba ndiyo kwanza ametoka kupiga deki.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Barabara mpya ingepita ama kinamasini kwa bata, ama shambani kwa hamsta wa mwitu, yule panya mnene anayebeba nafaka mashavuni. Ofisi ingewalinganisha kwa uzito, na atakayeshinda angeachiwa kwao. Watu hawakulinganishwa na yeyote. Mama yake mpima alikuwa amebomolewa nyumba pembezoni mwa shamba hilohilo, na tangu hapo hakujulikana analala wapi. Mpima alishauliza mpaka akachoka. Sasa moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Hamsta alipopanda, mshale wa mizani ulizunguka hadi ukakwama. Mpima alikuwa amesahau kumtoa vitu mashavuni, kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini. Akamminya taratibu. Zikatoka punje za ngano, kisha bawaba, mlango, kitanda, birika, na mwisho mama yake, akijipangusa makapi mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, mwanangu?"

Mkuu wa ofisi alichungulia, akaomba kitanda kisogezwe kisizibe njia, akaagiza hamsta apimwe upya mashavu yakiwa matupu. Jamani, hapo hamsta ana uzito gani tena? Mkuu akasema bata ameshinda, na isitoshe wageni hupenda kumpiga picha.

"Bata ana mabawa, mkuu," mpima alisema. "Akifukuzwa huku ataruka kule. Huyu ana shimo moja tu, na mama yangu anaishi humo."

"Mama yako si mnyama," mkuu alijibu, bila ubaya wowote. "Hayumo kwenye ushindani."

Mpima alitaka kulia, machozi yakagoma. Akaanza kurudisha vitu shavuni, mlango kwanza. Mama aliomba aingie mwisho, asije akagandamizwa na birika. Humo ndani, alisema, kuna joto na hakuna jirani wa kumsema mtu.

Kisha akauliza barabara inaanza lini.

"Jumatatu, mama."

"Basi nitafua Jumapili," mama alisema, akainama, akaingia.