Mguu wa Kushoto wa Elina

Jumamosi tatu mfululizo Koisaba alitoka Handeni kuja Korogwe kujifunza kucheza muziki na mchumba wake Elina, na Jumamosi zote tatu alikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwao mwanamume huruka peke yake, shingo juu, mikono ubavuni. Habari ya kumshika mwanamke kiuno na kuteleza naye ukumbini hakuwahi kufundishwa. Sasa siku ya harusi imefika.

Kuchekwa yeye asingejali. Kilichomtia hofu ni mguu wa Elina. Akiwa na miaka saba alianguka kwenye mteremko kwao Dindira, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo huchechemea. "Ukiniongoza vizuri hawataona," alimwambia. "Siku hiyo moja tu, wanitazame mimi, wasiutazame mguu." Koisaba, mapenzi yakimwasha, akaahidi upesi upesi.

Loveness, matroni wao, aliwafundisha mpaka sauti ikamkauka. "Shemeji, legeza mabega! Hatoroki huyo!" Akilegeza mabega, magoti yanakaza. Akilegeza magoti, hesabu inapotea.

Ukumbini, siku ya harusi, MC akawaita wafungue muziki. Koisaba akaanza kuhesabu kimoyomoyo, jasho likimtiririka shingoni. Kila alipouhisi mguu wa kushoto ukizama, alimwinua Elina kwa nguvu. Na kila alipomwinua, Elina aliyumba zaidi. Kwenye meza ya mashangazi mtu akanong'ona. Elina akasikia, mkono wake ukawa wa baridi.

"Unaniumiza," alisema.

Aibu ilimshika Koisaba hata akasahau amefika ngapi. Hakumwinua tena. Mguu ulipozama, naye akakunja goti lake la kulia, akazama pamoja naye. Wakainuka. Wakazama tena. Kufikia mara ya nne mwili ulikuwa ukienda wenyewe, laini, bila hesabu wala nguvu. Lakini sasa hakukuwa tena na namna ya kuuficha mguu.

"Wanaona," Elina alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Jamani, hiyo staili ya wapi?" MC alipiga kelele. "Handeni hiyo!"

Shangazi mmoja akapiga kigelegele, akaingia na kanga yake, akazama kwa kushoto. Wenzake wakamfuata. Punde ukumbi mzima ulikuwa ukizama na kuinuka, na Elina akaanza kucheka huku ameuegemeza uso kifuani kwa mumewe.

Mzee Obadia, baba yake Elina, alikuwa bado ameketi. Yeye hakudanganyika kuwa ni staili. Ndiye aliyembeba binti yake mgongoni hadi zahanati siku ile alipoanguka. Koisaba alimwona akiinuka, akajiandaa kukemewa. Mzee alimshika mkewe mkono, akaingia katikati ya watu, akazama kwa kushoto, machozi yakimtoka.