Kimo cha Kasoki

Jumamosi moja, kwenye matanga huko Laeken, mjini Brussels, Kasoki alikuwa akiwapakulia watu sombe ya majani ya muhogo, na nyuma yake binti yake Tatiana alipita na simu mkononi, akimuuliza kila aliyepokea sahani: katika mchujo wa mwezi wa sita utamchagua nani?

Chama cha watu wa Kivu kilitafuta mgombea wake wa urais wa umoja wa Wakongo wote wa Brussels. Waliojitokeza ni wawili: Kasoki, na mzee waliyemwita tonton Antoine, ambaye hapiki lakini ana sauti. Kasoki alikuwa amelisha kila msiba na kila ubatizo wa chama, na hata siku moja hajakaa kwenye meza ya mbele, wanapokaa viongozi. Alitaka kukaa pale. Hakulificha.

"Njo yeye, Maman Kasoki," watu walijibu, midomo imejaa. "Tutachagula nani mwengine?"

Kwa kila aliyesema hivyo, Kasoki alirefuka kiasi cha upana wa ukucha. Mumewe Anaclet aliling'amua walipofika nyumbani Ixelles, maana kikwembe kilichofunika miguu asubuhi sasa kiliishia katikati ya miundi. Alichukua sindano, akaongeza kipande cha kitambaa.

"Maman, uko devant, mbele ya Antoine," alisema Tatiana, anayesoma takwimu chuo kikuu. "Mais bon, kuwa devant mapema haiko kushinda. Mara mingi inatokeaka, lakini haiko kila mara."

"Batu bangu, mi nabajua," alisema Kasoki.

Kufikia mwezi wa nne aliingia kwenye basi kwa kuinama. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi walifurahi, kwa kuwa alibadilisha balbu bila kupanda kiti. Anaclet aliunganisha benchi kwenye kitanda ili miguu ya mkewe isining'inie, na jioni aliikanda kwa mafuta, maana kukua kunauma. Alikuwa amempenda tangu Butembo, na sasa alikuwa na mengi zaidi ya kupenda.

Tatiana aliendelea kuuliza, na kila mara aliuliza penye chakula cha mama yake, kwa sababu ndipo watu wanapokusanyika. Sasa nani ale sombe ya mtu, kisha amwambie binti wa mpishi hapana? Huo ni utovu wa adabu. Chuoni Tatiana hakufundishwa jambo hilo, na nyumbani alilelewa nalo hata akawa halioni tena.

Siku ya mchujo, mahali pa kupigia kura palizungushiwa pazia la bafu, karibu na mlango wa jiko la ukumbi. Kasoki alisimama mlangoni akiangalia wali usiungue. Kichwa chake kilipita juu ya pazia. Hakuwa akichungulia, ila macho yake yalikuwa huko tayari, na hakuna aliyemwomba asogee, kwa kuwa chakula kilikuwa hakijaiva.

Zamu ya Anaclet ikafika. Alishika kalamu, akaifikiria meza ya mbele, akajiuliza nani basi atapika. Lilikuwa wazo la kawaida, lilimjia lenyewe. Kalamu ilisimama kwenye jina la Antoine. Kisha ikashuka kwenye jina la mkewe, akatia alama.

Antoine alishinda kwa mbali. Watu walipiga makofi, wakamkumbatia Kasoki kiunoni, ambako mikono yao ilifika. Hakupungua hata kidogo. Ngazi haikupatikana, hivyo wakamwomba atundike kitambaa chenye jina la Antoine. Alikitundika kikanyooka vizuri.

Anaclet alimfuata jikoni.

"Ulikawia mule, Papa Tatiana," Kasoki alisema, akikoroga mchuzi.

"Kidogo tu."

"Kalamu ilianzia kwa Antoine."

Anaclet aliona aibu, akatazama sakafu. "Ilianzia kwake. Kisha ikarudi kwako."

"Ilirudi. Niliona." Aliinama, akainama tena, mpaka shavu lake likakaa juu ya kichwa cha mumewe. Alinukia vitunguu. "Bale bengine habakukawia."

Walikaa hivyo. Kutoka ukumbini mtu aliita, kwa upole kabisa, kwamba meza ya mbele haijapata sahani. Kasoki alinyooka, akachukua sinia, akainamisha kichwa mlangoni na kuwapelekea.