Wachezaji Wanne kwenye Tenga

Saa nane na robo mchana, Felista alikuwa ameshauza majogoo saba, na yuko mbioni kulifuata basi la Mwanza lililokuwa linasimama pale njia panda ya Mkiwa, wakati Mwenyekiti wa Alizeti Stars aliposhuka kwenye bodaboda akiwa amepakata tenga.

"Mama Chediel, habari za kazi."

"Nzuri, Mwenyekiti. Umeanza kufuga?"

"Hawa ni wachezaji," alisema Mwenyekiti, akaliweka tenga chini pembeni ya matenga ya kuku.

"Shikamoo mama," zikasema sauti nne nyembamba kutoka ndani.

"Marahaba wanangu."

Felista akafunua wavu. Walikuwa wamekaa kwenye maranda, wamekunja magoti, jezi zao za njano, zilizopungua pamoja nao, zimewatosha vizuri. Festo beki, Calist winga, Idrissa kipa, na Chediel wake mwenyewe, kiungo. Kila mmoja saizi ya jogoo aliyeshiba. Chediel alikuwa mdogo kidogo kuliko wenzake. Tangu Jumapili alikuwa amepungua tena, maana Jumapili alimfika mama yake kwenye goti, na sasa hata nusu ya muundi hafiki.

Mkiwa hakuna asiyejua kwamba mchezaji akishawekwa sokoni na asipate mnunuzi, anapungua. Msimu uliopita ilikuwa afadhali. Soko lilichangamka, vijana wakapungua saizi moja ya kiatu, wakauzwa, wakarudi kama walivyokuwa. Mwaka huu soko lililala fofofo. Klabu kubwa zilikuwa zinasubiri klabu kubwa zaidi zinunue, hizo kubwa zaidi nazo zinasubiri kuuza kwanza, na huku mwisho kabisa wa foleni alikuwepo Mwenyekiti Melkizedeki, mwenye mashine ya kukamua alizeti na mwenye timu, anarusha video za magoli kwenye makundi ya WhatsApp. Anaona tiki mbili za bluu. Kimya. Wiki ya kwanza suruali za vijana zilianza kuburuza. Wiki ya tatu walikuwa wanapanda kitandani kwa stuli. Wiki ya tano ndiyo hiyo, tenga.

Na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni. Asiyeuzwa anabaki na saizi yake mpaka Januari.

Hapo ndipo roho ya Felista ilipokuwa imening'inia. Mkiwa ina mwewe. Msimu wa juzi beki mmoja aliyebaki bila mnunuzi alitoka nje kuanika soksi, mwewe akashuka. Mpaka leo hajaonekana, ila jina lake bado lipo kwenye orodha ya wanaouzwa.

"Nimepiga simu mpaka Songea," alisema Mwenyekiti. "Nikakaa nikawaza, nikasema, yuko mtu mmoja tu Mkiwa hii ambaye hajawahi kurudi nyumbani na kuku. Nisaidie, mama. Faida yako ileile ya jogoo."

"Mbona hujawafunga miguu?"

"Hawakimbii. Wana mkataba."

Felista akaona hilo lina maana. Akampa Editha, muuzaji mwenzake, majogoo waliobaki awasimamie, akajitwisha tenga.

Kuuza kwenye madirisha ya basi kuna utaratibu wake, na Felista aliujua kuliko mtu yeyote barabara ile. Unainua mali juu, usawa wa uso wa abiria, hutaji bei mpaka aishike. Akishaishika, mikono yako inashuka. Mtu aliyebeba uzito kwa mikono yake mwenyewe ni vigumu kuurudisha. Dereva akikanyaga mafuta, bei inaanguka, kwa hiyo umalize kabla hajakanyaga.

Akamwinua Festo. Dirisha la tatu kulikuwa na mwalimu wa timu moja ya Kahama, anarudi kutoka Dodoma. Akampokea Festo kwa makwapa, akampapasa kifua kama mtu anayetafuta mfupa wa kuku aliyekonda, akambonyeza mashavu ya miguu kwa dole gumba. Akampulizia nywele, sijui alikuwa anatafuta nini, labda ni mazoea tu.

"Anapiga kichwa?"

"Napiga, mwalimu," alijibu Festo mwenyewe.

Wakapatana. Mwalimu alipotuma hela kwa simu na Mwenyekiti akabonyeza kukubali, Festo akarudi saizi yake akiwa bado dirishani, nusu ndani nusu nje. Akakwama kiunoni. Abiria wakamvuta, Felista akamsukuma kwa nyuma, akaingia. Jezi ya njano, kwa kuwa ni mali ya klabu, ilibaki mkononi mwa Felista vilevile ndogo, kama ya mwanasesere.

"Mzee, huyo sasa ni siti," konda alimwambia mwalimu. "Nauli. Na umvalishe."

Calist aliondoka na basi lililofuata, saa tisa na nusu. Felista akapumua. Wawili wamekwenda, na mchana bado upo.

Halafu mabasi yakawa yanapita na watu waliolala.

"Mama, mimi usinihangaikie," alisema Idrissa kutoka ndani ya tenga. "Kipa saizi hii nani atanunua? Goli lenyewe nikilitazama naona kama lango la stendi."

"Nyamaza, mwanangu, utaninyima bahati."

"Chediel, mwambie mama akutangulize wewe. Wewe una sura ya kununuliwa."

Chediel alikuwa ameshika fito za tenga kwa mikono miwili, anaangalia angani.

Saa kumi na moja na dakika ishirini likafika basi la Tabora, limechelewa. Dirisha la mbele alikaa wakala mwenye miwani, simu mbili mkononi. Felista akamwinua Chediel. Wakala akampokea, akampima mashavu ya miguu, akamgeuza, akamsimamisha kwenye kiganja, akamwambia atembee. Chediel akatembea kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akageuka, akarudi, hakuyumba.

"Ana mguu," alisema wakala. "Namchukua. Ila weka na huyo kipa juu."

"Juu ya nini?" aliuliza Felista.

"Juu ya huyu. Lumbesa, mama. Kwani gunia la vitunguu hamjazi mpaka kilemba?"

"Weka," alisema Mwenyekiti haraka, kabla Felista hajafungua mdomo. "Kipa ni nyongeza."

Idrissa akainuliwa, akakalishwa mabegani kwa Chediel. Wakala akaanza kutuma hela, na Chediel akaanza kurefuka. Miguu yake ilikuwa imeshafika kwenye mapaja ya wakala na Felista ameshaanza kumshukuru Mungu, pale simu moja ya wakala ilipoita. Akasikiliza. Akasema ndiyo bosi. Akasema sawa bosi. Dereva akakanyaga mafuta.

"Tajiri anasema tusubiri kwanza wenzetu wauze," alisema wakala, akawarudisha wote wawili dirishani. "Ila msimpe mtu. Nitarudi."

Basi likaondoka. Kila anayeuza kitu Mkiwa anajua maana ya nitarudi.

Ofa ikikatwa, mchezaji anashuka kuliko alikotoka. Chediel alishuka mikononi mwa mama yake hapohapo barabarani, kutoka jogoo akawa tetea, kutoka tetea akawa kifaranga kilichoota manyoya juzi. Felista akamfunika kwa kiganja. Juu ya nguzo ya umeme mwewe alikuwa ametua, anajisafisha mbawa bila haraka yoyote.

"Saa ngapi, Mwenyekiti?"

"Bado dakika ishirini na mbili."

"Lipo basi jingine?"

"La Singida mjini. Halina wanunuzi hilo, wale wanakwenda makwao." Mwenyekiti alijifuta jasho. "Pole, mama. Januari si mbali."

Felista alikuwa amefanya biashara ya kuku miaka kumi na tisa. Alichojua ni kwamba kuku asiyepata mnunuzi, muuzaji anarudi naye nyumbani, na hakuna anayemuuliza.

"Mimi nikimnunua je?"

Mwenyekiti akafikiri. "Hela sina shida nayo, yoyote nitapokea. Ila mnunuzi lazima awe klabu. Mfumo unataka namba ya usajili."

"Namba tunayo," alisema Editha, ambaye alikuwa amesogea na majogoo wawili kila mkono. "Cheti cha kikundi. Akina Mama Wauza Kuku Mkiwa. Tulisajiliwa tukiomba mkopo, picha yake iko kwenye simu yangu, ina muhuri."

"Mnacheza mpira?"

"Mfumo unauliza hilo?"

Mwenyekiti akatazama sikrini. "Hauulizi."

Akaingiza namba. Sehemu ya uwanja wa nyumbani akaandika Stendi. Sehemu ya jina la kocha akaandika Editha, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Mtandao ukazunguka, ukakatika, ukarudi. Akina mama wengine wakaacha matenga yao, wakaja kusimama kimya kumzunguka, kila mmoja ameinua simu yake juu na kumgawia mtandao kama watu wanaomkinga mtu mvua. Felista alituma bei ya majogoo watano, hela yote aliyokuwa nayo kwenye laini. Zilipobaki dakika nne, mfumo ukaandika: Uhamisho umekamilika.

Kiganja cha Felista kikawa kizito. Akamweka chini. Chediel akarefuka, magoti, kiuno, mabega, mpaka ikabidi mama yake anyanyue uso kumtazama. Alikuwa uchi pale barabarani. Felista akafungua kitenge chake cha juu akamfunga, akina mama wakageukia upande wa Itigi mpaka alipomaliza.

"Shikamoo mama," alisema Chediel kwa sauti yake nene.

"Marahaba, baba." Akakaa juu ya tenga tupu. Akacheka kidogo. Akajifuta macho na upindo wa gauni.

"Basi mninunue na mimi," alisema Idrissa, aliyesimama chini kati ya miguu ya akina mama.

Wakatazamana. Laini zote zilikuwa zimekauka, na saa ikagonga kumi na mbili wakiwa bado wanahesabiana.

"Utalala bandani kwangu," Editha alimwambia. "Nimezungushia waya mpaka juu. Mwewe hapati hata unyoya."

"Jogoo wako ana adabu?"

"Ana wivu. Ila hawezi kudaka."

Idrissa akasema sawa, Januari si mbali, akapanda mwenyewe kwenye mkono wa Editha. Mwenyekiti akakusanya zile jezi tatu ndogo, akazitia mfukoni. Kabla ya kupanda boda alimkumbusha Felista kwamba mauzo yajayo ya Chediel yeye ana asilimia kumi, ni kawaida, ipo kwenye fomu. Aliongeza kwamba kesho anaweka wengine watano sokoni kwa ajili ya Januari, mapema, ili wazoeleke. Akamtakia jioni njema.

Nyumbani Chediel alikula ugali na mlenda, akaongezewa, akaongezewa tena. Felista hakula. Alikaa mkabala naye akimtazama anavyomeza. Kichwa chake kilifunika nusu ya dirisha, na kila kiti kilipolia chini yake, moyo wa mama ulitulia zaidi.

"Mama," alisema Chediel, akinawa. "Sasa kwa kuwa nimekuwa wenu, nataka kwenda Babati kwa mjomba. Kujifunza kuchomelea. Mpira nimeuchoka tangu mwaka juzi."

Felista hakuwa analijua hilo. Wala Mwenyekiti hakulijua, wala Kahama, wala Tabora. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Akachukua simu, akafungua ule mkataba aliotumiwa, akausogeza mpaka chini, akausoma polepole kwa midomo. Miaka mitatu. Mchezaji haruhusiwi kuondoka bila idhini ya mmiliki. Alikisoma kifungu hicho mara mbili. Alikiona kimeandikwa vizuri, na mtu aliyejua kuandika.

"Tutaona Januari," alisema.

"Mama."

"Kalale, mwanangu. Umechoka."

Chediel akaenda kulala. Miguu yake ilipita mwisho wa kitanda, ikaning'inia hewani, mikubwa, miwili. Felista akaifunika kwa shuka, akapiga komeo mlangoni, na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, alilala mpaka asubuhi.