Pombe ya Kufunga Ugonjwa

Kijiji kizima cha Kashebere, huko Walikale, kilijua kwamba mdomo wa Floribert unanasa kuliko mitego yake. Msituni aliweza kurudi mikono mitupu, lakini jioni, watu wakiketi kuota moto, hakukosa windo. Angemkamata mmoja kwa neno, wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu, na aliyekamatwa naye akacheka mwisho, maana kumkasirikia Floribert kulikuwa kumwongezea kuni.

Hata mke alimpata kwa mdomo. Libérata alikuwa binti wa vilima vya Nyabiondo, kwa watu wa maharagwe na baridi, na kwao walimwuliza Floribert waziwazi: muntu wa musitu anafuata nini huku juu?

"Nafuata vikapu," akajibu mbele ya wakwe. "Bibi iko ndani yake kwa bahati tu."

Wakwe wakacheka, naye akapewa mke. Lakini habari za vikapu hazikuwa uongo. Libérata alisuka kwa kukaza hivi kwamba ungejaza kikapu chake unga laini wa muhogo, ukaubeba mgongoni toka Nyabiondo mpaka Kashebere, mitoni na vilimani, na ukifika hujageuka mweupe hata kidogo. Tena hakuvitazama alipovisuka. Yeye alizungumza, alicheka, alikemea kuku, na vidole vikaendelea na kazi yao kana kwamba vina macho yao wenyewe.

Baka la kwanza lilitokea chini ya kiwiko cha Libérata, miaka michache baada ya vita vya Wazungu kwisha. Lilikuwa limepauka, haliwashi wala haliumi. Floribert alilipa jina: "mugeni asiyeomba maji." Wakacheka wote wawili. Mwaka uliofuata mgeni alikuwa ameita ndugu zake, mmoja mgongoni, mwingine pajani, na hakuna aliyecheka. Ulikuwa ukoma.

Katika ukoo wa Floribert mgonjwa wa namna hiyo hakufukuzwa. Alijengewa kibanda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akapewa sahani yake na mkeka wake, akakaa huko mpaka ugonjwa wake ufungwe. Kufunga ugonjwa kulikuwa na taratibu zake. Ukoo ulikamua ndizi, ukachachua kasiksi, pombe ya ndizi, ukachinja kuku. Mkeka wa mgonjwa ulichomwa moto. Dawa iliyosalia ilizikwa njia panda, mkubwa wa ukoo akamwagia pombe juu yake, na mgonjwa akarudi nyumbani kwake akila sahani moja na watu. Kuanzia siku ile, mtu akigusa tena dawa ile ni kama kuuita ugonjwa kwa sauti: rudi, umesahau kiti chako. Walibatizwa wote, misa walikwenda, lakini pombe ya kufunga hawakuiacha. Kwa mafua ilifaa. Kwa kidonda cha mkuki ilifaa. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama ingefaa kwa ugonjwa unaotembea polepole kuliko kinyonga.

Libérata akahamia kibandani, na matibabu yakaanza na sindano. Mafuta mazito ya mbegu za mti wa ng'ambo yaliingizwa matakoni, na Libérata akawa anarudi kutoka dispensari akitembea kama bata. Mabaka yalibaki palepale. Kisha, baada ya miaka ya kutembea kama bata, vikaja vidonge.

Vililetwa na Gustave, muganga wa dispensari, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliyepita na baiskeli yake siku za soko. Alikupa kidonge mkononi, ukameza mbele yake, ukafungua kinywa, ukainua ulimi, akatazama chini yake kana kwamba anatafuta mwizi.

"Mama Libérata, hii dawa ni mupya," alisema. "Haiumizi. Lakini iko na sharti moja: hapana kuacha."

"Mpaka wakati gani?" Floribert alidakia.

"Miaka, Papa. Na mabaka yakiisha, bado miaka ingine juu yake."

"Miaka! Muganga, ata tembo habebaki mimba vile. Tembo atazaa, mutoto wake atatembea, ataoa, bibi yangu bado anameza tu?"

Soko likaangua kicheko. Gustave naye alitabasamu, ila hakurudisha neno lake. "Ugonjwa huu hauna haraka. Umekuya polepole, utaenda polepole."

Na kweli ulianza kwenda. Baka la pajani lilirudiwa na rangi. Gustave alimfumbisha macho Libérata, akamgusa kwa unyoya wa kuku, na pale ambapo zamani hakuhisi kitu akasema, "Hapa. Unanitekenya." Floribert alisikia furaha mpaka magotini. Masika yalipokaribia, daraja la njia ya dispensari likawa halina uhakika, Gustave akamwachia Libérata vidonge ndani ya kopo la bati, akamwonyesha namna ya kuvimeza mpaka barabara ifunguke.

Furaha ile ndiyo iliyoharibu mambo. Floribert alikuwa amechoka na nyumba. Kila usiku alilala peke yake akisikiliza mvua, akila sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na shemeji yake, ambayo, alisema mwenyewe, ata mbwa aliiomba msamaha kabla ya kuinusa. Libérata alikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta na ilikuwa kama yuko Kisangani. Akaenda kwa baba yake mkubwa, Nestor, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kufunga.

"Mabaka imeisha?" Nestor aliuliza.

"Inaisha."

"Inaisha ao imeisha?"

"Papa Mukubwa, ukiona mvua imebakiza matone kiloko, unasemaka inanyesha?"

Nestor alikuwa anampenda mtoto wa nduguye, tena alikuwa na kiu ya miaka yote. "Kamueni ndizi," akasema.

Aliyekataa ni Libérata. Alikaa mlangoni mwa kibanda, kikapu magotini, akasema: "Muganga alisema hapana kuacha."

"Muganga hajaoa sombe ya shemeji."

"Floribert, nasema kweli. Mi naogopa."

Hapo Floribert angeweza kunyamaza. Miaka mingi baadaye alikuwa anarudi mahali pale, mlangoni pale, na kila mara alijiona ananyamaza. Lakini siku ile alikuwa Floribert. Alipiga magoti kwenye matope, akaiga sauti ya Gustave: "Mama, inua ulimi. Mama, mwizi iko wapi? Bwana yako njo mwizi, iko chini ya ulimi, anatafuta mahali pa kulala!" Libérata akajaribu kujizuia, midomo ikamponyoka, akacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na ndani ya kicheko akasema, "Basi, sawa. Nimeshoka hata mimi."

Kopo lilizikwa njia panda lingali zito. Mkeka ukawaka. Kasiksi ilinywewa kwa mirija kutoka mtungi mmoja, Libérata kati yao, na usiku ule nyumba ya Floribert ilikuwa nyumba.

Barabara ilipofunguka, Gustave alikuja sokoni na hakumwona mgonjwa wake. Floribert ndiye aliyemwendea.

"Ameenda kwao Nyabiondo, Muganga. Ugonjwa alikuachia wewe, umutunze."

Watu, waliojua kwamba yuko nyumbani, wakacheka. Gustave aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa, kwa sababu naye alikuwa mtoto wa huku. Akamvuta Floribert kando.

"Mulikunywa pombe?"

Floribert akatazama gurudumu la baiskeli.

"Papa, we unalima musituni. Ukichoma shamba, moto ukazimika juu, unafanyaka nini?"

"Nachunga."

"Ju ya nini? Si umezimika?"

"Unaweza kuwa chini. Kwenye muzizi." Kila mkulima wa Walikale alijua hilo. Moto hushuka kwenye mzizi wa mti mkubwa, hutambaa chini ya udongo kimya, na siku umeshapanda mihogo unatokea upande wa pili.

"Njo vile," Gustave akasema. "Nitakuya kila soko. Siku mutataka, nitakuwa hapa."

Floribert alirudi kwenye kundi. "Anasema nichunge bibi yangu, anafuka moshi," alisema, na soko likacheka tena. Hata hivyo usiku alilala macho wazi. Asubuhi akamwona Libérata akisuka uani, uso umetakata, mikono haitulii, akajiambia kwamba waganga wanapenda wagonjwa kama wavuvi wanavyopenda samaki.

Ilikuwa miaka mizuri, hilo lazima lisemwe. Siku za soko Gustave alipofika, Libérata alikuwa na kazi shambani. Kila mara. Hawakuwahi kulizungumza.

Kisha vikapu vikaanza kulegea. Floribert aliona, akafanya mzaha: "Bibi amezeeka, unga unatoka kutazama njia." Libérata alicheka kidogo. Hakumwambia kwamba sasa alikuwa anasuka akitazama vidole vyake, kila kimoja, kama mtu anayechunga watoto wa jirani.

Siku hiyo Floribert alikuwa uani akinoa panga, Libérata jikoni akisonga bugali. Harufu ikamfikia, harufu ya nyama iliyokaa motoni, na yeye hakuwa ameleta nyama nyumbani tangu mwanzo wa juma. Moyo wake ukafurahi kijinga.

"Mama!" akaita. "Leo tunakula nini? Nani amekuletea nyama na mi sijui? Nimutafute nimupige, ao nimupe aksanti?"

Akaenda jikoni. Akainama mlangoni. Libérata alikuwa ameinua chungu kutoka mafigani kwa mikono mitupu, anakishikilia, uso wake umetulia kabisa, anatafuta mahali pa kukiweka. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kati ya kiganja na chungu.

"Wacha!" Floribert akapiga kelele. "Libérata, wacha!"

Akamtazama kwa mshangao. "Niache nini?"

Ndipo akatazama mikono yake.

Walikwenda dispensari siku ileile, mikono imefungwa kwa majani ya mgomba. Njia nzima Floribert alikuwa anatafuta la kusema na kila neno aliloliokota lilikuwa mzaha, akalitupa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alitaka kutukanwa. Gustave alisafisha majeraha, akayafunga. Kisha akachukua unyoya.

"Funga macho, Mama. Nikikugusa vidole, useme."

Libérata akafumba. Unyoya ukapita kwenye ncha za vidole vilivyobaki nje ya bendeji, kimoja baada ya kingine, ukarudi, ukapita tena. Libérata alingoja, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Muganga," akasema mwishowe, kwa adabu, "uanze basi."

Floribert akatoka nje.

Gustave alimkuta ameegemea baiskeli. "Vidonge vipo," alimwambia. "Tutaanza tena leo. Vitazima moto."

"Na vidole?"

"Dawa inazimaka moto, Papa. Haijengi nyumba yenye ilisha kuungua."

"Angalimeza tu, ile miaka yote..."

Gustave alitazama barabara. Hakumalizia sentensi ya mwenzake, na hakumwambia kwamba haikuwa hivyo.

Nyumbani Nestor aliwangoja, mzee sasa, amekasirika kwa hofu. Ugonjwa hufungwa mara moja, alisema. Mwanamke aliyeuita tena kwa kugusa dawa hafungiwi mara ya pili. Atakaa kwenye kibanda mpaka afe. Libérata alikwisha kuanza kukusanya sahani na mkeka wake.

Floribert alikwenda nyuma kwenye migomba. Kibanda kilikuwa bado kimesimama, paa linavuja. Akapima kwa mikono ukuta hadi ukuta. Akarudi nyumbani, akachukua kitanda chake, akakitoa mlangoni kwa ubavu, akakibeba mpaka kibandani.

"Unafanya nini, weye?" Nestor akauliza.

"Nahama."

"Hiyo ni nyumba ya mugonjwa!"

"Nani alikataza muzima kulala mule?"

Nestor alifungua kinywa, akatafuta katika kumbukumbu zote za ukoo, akakifunga. Hakuna aliyewahi kukataza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Floribert akasimama na upande wa kitanda begani, na hapo ndipo jambo lote lilimwangukia. Kibanda kilikuwa na nafasi ya watu wawili tangu siku ya kwanza. Miaka ile yote alikuwa amekamua ndizi, ameimba, amepiga magoti matopeni ili mkewe atoke kule ndani, wakati yeye angeweza kuingia tu.

Siku za soko wanakwenda pamoja. Libérata anameza, anainua ulimi. Mabaka yanafifia. Vidole vimejikunja na havitakunjuka. Jioni ni Floribert anayeepua chungu, na rafiki zake, aliowafundisha mwenyewe kutania, wanapita njiani wakiita: "Mama Floribert, bugali imeiva?" Anawajibu, "Bado, mume wangu, ngoja nje," kwa mazoea, kisha anageuka kutazama kama mkewe amecheka. Wakati mwingine anacheka.

Ameanza kujifunza kusuka. Libérata anaelekeza kwa mdomo: vuta, rudisha, kaza, si hivyo. Vidole vya mtega mitego ni vinene, vinajua kufunga kitanzi tu. Alipomaliza kikapu cha kwanza alimletea mapajani. Libérata hakukigusa kwa vidole. Alikiinua kwa viganja viwili, akakiweka shavuni, mahali ambapo bado panasikia, akakizungusha taratibu huku amefumba macho.

"Inapitisha hewa hapa," akasema. "Na hapa. Fungua yote. Anza tena."

Floribert alikichukua, akatafuta mwisho wa ukili, akaanza kufungua.