Zamu ya Seneta Pacita

Kosa lenyewe lilifanywa kwa heshima, ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Siku jeneza la Seneta Pacita Dalisaymo lilipoingizwa ukumbini, kama wanavyoagwa maseneta wote pale Manila, wenzake walipanda mmoja mmoja kumsifu. Walisifu hotuba zake, walisifu maswali yake na ule ulimi wake wa kukata nyama bila kisu. Waziri mmoja alilia kabisa, na ni yuleyule aliyewahi kutolewa jasho na Pacita mchana kutwa juu ya bei ya mchele. Halafu Dodong Malabanan, kiongozi wa maseneta walio wengi, mtu anayependa sana kusikika akisema neno zuri, akasimama na ombi lake. Kwa kuwa marehemu alianguka katikati ya kuuliza maswali juu ya muswada wa bwawa, basi zamu yake isifutwe. Ibaki yake. Rais wa Seneti, mzee Ylagan, akauliza kama kuna pingamizi. Sasa nani apinge mbele ya jeneza? Nyundo ikagonga, imepita.

Watu wakapiga makofi jamani, na maua ya sampagita yananukia ukumbi mzima.

Ligaya, mdogo wa marehemu, naye alipiga. Yeye pia ni seneta, na huo muswada wa bwawa ni wake. Ndiyo, tumbo moja, mmoja analeta muswada, mwingine anaupasua, na nchi nzima ilikuwa inawaangalia kwenye televisheni kama tamthilia ya jioni. Bwawa lingefunika bonde la Agsalin, kwao kabisa, walikozaliwa. Ligaya alikuwa ameieleza Seneti kwamba bonde ni tupu, msitu na mawe, makaburi hakuna. Maana penye makaburi lazima wenye wafu waulizwe kwanza, familia kwa familia, na hiyo ni kazi ya miaka. Dodong hakuwa na miaka.

"Upitishe kabla ya likizo," alimwambia Ligaya. "Mzee Ylagan akistaafu, kiti chake ni chako. Kura ninazo."

Swali la mwisho la Pacita akiwa hai lilikuwa fupi. "Je, mheshimiwa mdogo wangu ana hakika hakuna kaburi hata moja Agsalin?" Kisha akashika meza, akakaa vibaya, na ndiyo ikawa basi. Ligaya hakuwahi kujibu.

Na maziko je? Pacita siku zote alisema atalazwa kando ya mama yao. Ligaya akamzika Manila, kwenye marumaru, harakaharaka. Kaburi jipya la seneta kule Agsalin si lingefuatwa na kila mwenye kamera?

Sasa, kwao roho huzungukazunguka mpaka siku ya arobaini, ndipo inakwenda zake. Mtu mwenye akili angesubiri. Dodong akaurudisha muswada ukumbini kabla arobaini haijafika.

"Ngoja kidogo, Dodong," Ligaya alimwambia mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. "Mama mkwe wangu anasema si vizuri."

"Mama mkwe wako anapiga kura humu?"

"Hapigi."

"Basi mnunulie keki ya bibingka atulie, sisi tuingie kazini."

Wakaingia. Mvua ilikuwa inapiga paa, alasiri imekuwa nzito kama magharibi. Ligaya akapanda kwenye jukwaa la mwenye muswada. Katibu akasoma kilichoandikwa: "Muswada wa bwawa la Agsalin, kipindi cha maswali. Mwenye zamu ni Seneta Pacita Dalisaymo." Akashtuka, maana ndipo alipolisikia jina alilolitaja.

Mtu mmoja akacheka puani. Na taa nyekundu ya maiki ya Pacita ikawaka.

"Fundi, zima hiyo," akasema Dodong.

Fundi akazima, ikawaka. Akachomoa waya, akauinua juu ili watu wauone. Taa ikabaki inawaka vilevile.

"Mvua hizi," Dodong akasema. "Nyaya zimelowa."

Lakini Ligaya alikuwa ameshasikia harufu. Mafuta ya kuchua, yale ya kijani, aliyokuwa akijipaka Pacita magotini kila kikao kikiwa kirefu. Harufu ilitoka upande wa kiti kitupu, ikaja polepole mpaka kwenye jukwaa, ikatulia hapo mbele yake.

Ndipo akawatazama waandishi wa kumbukumbu. Wale hukaa chini katikati ya ukumbi, visikizio masikioni, kichwa kimeinama, hawamwangalii mtu. Hakuna aliyekuwa anasema neno. Na mmoja wao, Tessie Orbeta, alikuwa anaandika.

"Tessie," Ligaya akamwita. "Unaandika nini?"

"Anachosema, Mheshimiwa."

"Nani?"

Tessie akainua macho kama mtu aliyeulizwa kama sasa ni mchana ama usiku. "Mwenye zamu."

Dodong akasimama. "Mheshimiwa Rais, naomba zamu hii ifutwe."

"Haifutwi na mwingine," mzee Ylagan akajibu. "Uliomba mwenyewe iwe yake, tukakubali. Mpaka yeye aseme amemaliza."

"Amekufa, mzee."

"Najua, Dodong. Nililibeba jeneza." Akajifuta uso kwa leso. "Mwandishi atusomee swali lililo mezani."

Tessie akasoma, bila kupandisha wala kushusha sauti: "'Ging, mama tulimlaza wapi?'"

Ging. Jina la jikoni hilo, Pacita alilomwita Ligaya tangu utotoni. Humo ukumbini hapakuwa na mtu mwingine aliyelijua.

"Siku ile hakuuliza hivyo," akasema Ylagan.

"Siku ile hapana, Mheshimiwa Rais. Ameuliza sasa hivi."

Dodong akapanda mpaka jukwaani, akamwinamia Ligaya sikioni. "Sema hakuna makaburi. Neno moja tu, ukae, tupige kura. Kura za kiti utazipata leoleo. Hayo mengine ni mitambo."

Na Ligaya alifungua mdomo kulisema, msidhani hakufungua. Lakini akamwona Tessie amesimamisha kalamu, anasubiri. Akisema hakuna, Tessie ataandika hakuna. Na mama yao, aliyebebwa bondeni kwenye mvua kama hii, Pacita mbele, Ligaya nyuma, matope mpaka magotini, atakuwa hakuwahi kuwapo.

"Agsalin," akasema. "Mama yupo Agsalin. Na baba. Na wale watoto wa mwaka wa surua. Bonde limejaa watu, Mheshimiwa Rais. Nilisema uongo."

Dodong akamtazama kama anayetazama gari lake likiibwa. Akarudi kwenye kiti chake, akatoa simu, akaanza kuandikia watu. Ndiyo hivyo, kiti kimeshakwenda.

"Kuna swali la nyongeza?" mzee Ylagan akauliza. Mazoea tu hayo, na akajutia papo hapo.

Mkono wa Tessie ulikuwa unakimbia tena. Ukasimama. Akavua visikizio, akavitazama, akavivaa.

"Soma," Ligaya akamwambia.

"Hili ni la nyumbani, Mheshimiwa."

"Soma tu, Tessie."

"'Na mimi, Ging? Mbona nimelazwa na watu nisiowajua?'"

Ligaya akashika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Nilikitaka kiti, Ate, dada yangu," akasema, na sauti ikawa ya mtoto mdogo anayeongea chini ya neti. "Niliogopa watu wataliona kaburi lako. Nisamehe. Nitakuja kukuchukua, nikupeleke kwa mama." Akageuka. "Mheshimiwa Rais, naomba niuondoe muswada wangu."

"Siwezi kupokea ombi mpaka mwenye zamu amalize." Mzee Ylagan akakigeukia kile kiti kitupu na, mnajua nini, akainamisha kichwa. "Je, mheshimiwa amemaliza?"

Wote wakamtazama Tessie. Akaandika neno moja, akalisoma kabla hajaulizwa.

"'Twende.'"

Ligaya akashuka jukwaani, akauacha mkoba wake, akaenda moja kwa moja mlangoni. Askari wa pale akamfungulia, akasogea pembeni kumpisha. Ligaya alipokwisha kupita, askari akashika mlango aufunge, akasita, kisha akasogea tena, kumpisha wa pili.