Usukani Hauna Idadi

Royce Pruett alilichagua ziwa lile makusudi. Mdogo wake, Ardith, hakuwahi kulitia machoni hata siku moja. Kwenye ziwa la nyumbani, jimbo hilohilo la Tennessee, Ardith alijua kila kisiki kilichozama, maana miaka kumi na miwili alikaa nyuma kwenye boti ya baba yao, na kila mtu alimjua kama yule binti mshika wavu. Baba alizikwa kabla ya kiangazi. Sasa majani yalikuwa yanapukutika, na Royce alikuwa ameshampata mnunuzi wa boti, anakuja Jumatatu.

"Unaitaka boti? Haya," Royce alimwambia. "Nitolee samaki wa milia wa inchi thelathini kabla ya saa sita mchana, kwenye ziwa ambalo baba hakukufundisha. Ukimkosa, boti inaondoka, na sitaki kuona chozi."

"Chozi langu lina kazi nyingine, kaka," Ardith alijibu. "Leta boti."

Waliishusha majini ukungu ukiwa bado umelala. Pale pa kushushia palikuwa na kibao, na Royce akakisoma kwa sauti kama mhubiri: kila mvuvi samaki wawili wa milia kwa siku, na ukishamtia kwenye sanduku la barafu huruhusiwi kumbadilisha na mwingine.

Dagaa wake hai wa chambo Royce aliwatia kwenye sanduku jipya la pembe nne. Ardith alikuja na pipa la baba, la mviringo, rangi imebanduka.

"Hilo pipa la kabichi umelitoa wapi?"

"Dagaa hawa hawajui kurudi nyuma. Ukiwawekea pembe, wataisukuma kwa pua mpaka wafe."

"Nimekusikia, profesa."

Royce akashika usukani, macho kwenye skrini ya kutafutia samaki. Skrini ilijaa alama. "Wapo hapa!" Wakakaa nusu saa, kimya. "Basi wako kule!" Kule nako kimya. Maji ya ziwa yalikuwa yameanza kupoa, na samaki walikuwa wametawanyika kama watu baada ya ibada.

Ardith hakuitazama skrini. Alitazama shakwe kama arobaini waliokaa juu ya maji, mbele ya rasi yenye miti ya manjano. Hawakuwa wakila wala kuruka.

"Twende pale kwa ndege."

"Wamelala wale. Mpaka saa sita dereva ni mimi."

Basi Ardith akavua pale alipowekwa. Akapata mmoja, inchi ishirini na mbili. Ndoana ilikuwa imemezwa mpaka kooni, damu inatoka kwenye mashavu.

"Mrudishe," Royce alisema. "Huyo mdogo atakujazia nafasi."

"Nikimrudisha ataelea tumbo juu nyuma yetu." Akamtia kwenye sanduku la barafu. Baada ya robo saa akaja wa pili, mdogo vilevile, ameumia vilevile. Ardith alimshika kitambo mkononi, akijua anachofanya. Kisha naye akaingia kwenye barafu.

Ilikuwa saa nne na nusu. Royce alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Kwisha habari yako! Wawili wameshatimia." Halafu akateremsha sauti, kidogo kwa huruma. "Sikiliza, Ardie. Mtupe mmoja uendelee. Nani anatuona?"

"Boti hii haijawahi kubeba samaki wa wizi. Haitaanza na mimi."

"Basi umeshindwa."

Kule rasini shakwe walikuwa wameinuka wote kwa mpigo, wanapiga kelele, wanajitupa majini. Maji yakachemka. Ardith akasimama.

"Toka kwenye usukani."

"We! Si umeshamaliza haki yako?"

"Kibao kimehesabu samaki. Usukani hauna idadi. Toka, Royce."

Sauti yake haikupanda, lakini Royce alijikuta ameshasogea. Ardith akaipeleka boti mbio, na ilipobaki hatua kama mia akazima injini.

"Mbona unazima? Ingia katikati yao!"

"Ukiingia katikati utavua moshi. Upepo utatufikisha. Tia chambo."

Royce akafunua sanduku lake. Dagaa wote walikuwa wamekufa, wamejibana kwenye pembe, pua zimechubuka. Akamtazama mdogo wake.

"Chukua kwenye pipa la kabichi," Ardith alisema.

Dagaa hakuzama hata pima moja. Ufito wa kuvulia ulipinda mikononi mwa Royce, mshipi ukalia, naye akaanza kuita jina la Mungu na la mama yake. Samaki alikimbilia chini ya boti. Ardith akaigeuza boti kabla mshipi haujagusa chuma. Samaki akakimbia tena, wakamfuata. Hatimaye milia ikang'aa, na wavu wa Ardith ulikuwa ukimsubiri.

Royce alipima mara mbili. "Thelathini na saba. Lakini nimemvua mimi. Tulikubaliana umtoe wewe."

"Nakumbuka. Samaki ni wako, kapige naye picha. Boti ni yangu."

"Kwa lipi?"

"Chambo changu. Usukani wangu. Wavu wangu. Wewe umeshika ufito tu, kama baba." Aliusuuza wavu taratibu. "Miaka kumi na miwili mlimsifu yeye. Ulidhani nani alikuwa akimwambia pa kuzima injini?"

Royce aliwatazama ndege, akalitazama pipa, akatoa ufunguo wa trela ya boti mfukoni na kuuweka juu ya dashibodi, bila kumtazama usoni.

"Na yule mtu wa Jumatatu nimwambie nini?"

Ardith akautia ufunguo mfukoni, akawasha injini.

"Mwambie aje na ufito wake. Kiti cha mbele kiko wazi."