Fundi, Njoo Ulale Mgange

Mwezi wa saba hapa Mgange hata mbwa anaomba kulala jikoni. Mume wangu Thadeus amebeba kabeji zetu kutoka milimani hadi soko la Voi tangu binti yetu Sharon akiwa mgongoni, na sijawahi kumsikia akiilalamikia baridi. Mwaka huu alianza. Mimi sikujali. Mwanamume akilia baridi unampa sweta, mambo yamekwisha.

Lakini lori nalo lilianza. Ni Canter ya bluu, kuukuu, na ninaipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Ukiliwasha asubuhi na kukata kona ya kutoka uani, usukani unaguna mguno mrefu kama ng'ombe anayezaa, halafu unakuwa mzito kuzungusha. Unaguna hivyo katika kona zote za kuteremka. Likifika Mwatate na jua limechomoza, linanyamaza. Likifika Voi, hilo ni malaika.

Na Voi ndiko aliko fundi wetu, Muinde. Ni Mkamba, gereji yake iko nyuma ya soko, ametutengenezea gari miaka na miaka. Thadeus alimpelekea lile lori mara kadhaa. Kila mara Muinde anauzungusha usukani huku jua likimchoma kisogo, anatega sikio, hasikii kitu. Anaongeza oili kidogo kwenye chupa ya usukani, anafunga kifuniko. Safari ya mwisho alicheka akasema, "Mzee, gari haina neno. Labda ni mikono tu. Umri umeenda."

Alikuwa anatania. Thadeus alilibeba neno hilo kutoka Voi hadi nyumbani, wala hakunitajia. Ubaya wake lilifanana na kweli. Mume wangu ameshavuka sitini. Asubuhi mabega yake yanakakamaa, anainuka kitandani akiguna, na ikifika saa sita mchana amekuwa kijana. Yeye na lori walikuwa wanaugua pamoja na kupona pamoja. Nani angejua mgonjwa ni yupi?

Siku hizo Sharon alikuwa amekuja kukaa nasi na mtoto wake mchanga, Shanice, mjukuu wetu wa kwanza. Thadeus alimwimbia yule mtoto nyimbo zote za kanisani, akamtolea ulimi, akamwita mchumba. Ila kumpakata alikataa. Ukimpa anarudi nyuma. "Mikono yangu ina oili," anasema, hata kama ametoka kuoga. Nikadhani ni visa vya wanaume.

Jumapili baada ya ibada alinifuata jikoni, nikiponda mihogo na maharagwe ya kimanga.

"Mama Sharon, nimempigia Crispus wa Mraru. Atakuja Alhamisi kulichukua lori."

Mwiko ukaniganda mkononi. "Kulipeleka wapi?"

"Namuuzia. Fundi alisema ni mikono, na kweli imeisha. Juzi kwenye kona usukani ulinishinda. Kidogo tu, lakini niliona bonde lote mpaka chini." Akavitazama viganja vyake kama vitu vya kuazima. "Na huyo mtoto, nikimdondosha je?"

Hapo nikaelewa yote kwa mkupuo, na hasira zikanipanda, ila si kwake. Mimi nampenda yule mzee akiwa kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha, akipiga honi kule kwenye mkaratusi ili niweke chai motoni. Bila lori angekaa kwenye stuli hapo mlangoni akihesabu kuku wangu mpaka azeeke kweli. Nikatoka nje, nikampigia Muinde.

"Fundi, unasikia lori letu likiguna?"

"Mama, mimi sijawahi kuisikia."

"Utasikia wapi na unakaa kwa tanuri? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumatano njoo ulale huku."

"Lakini Mama, huko baridi…"

"Blanketi ninazo. Beba spana zako."

Alikuja, maskini, amevaa jaketi juu ya jaketi na kofia ya sufu kama mtoto anayepelekwa kliniki. Thadeus alimpokea vizuri. "Umesumbuka bure, fundi," akamwambia. "Gari ni nzima. Mgonjwa ni mimi." Muinde akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akainamia kimanga chake. Mkoba wa vyombo na galoni ya oili aliviacha barazani.

Asubuhi alitoka anatetemeka, kikombe cha chai mikono miwili.

"Mama, hapa kweli watu wanaishi?"

"Wanaishi na wanazaa. Sikiliza gari."

Thadeus akawasha, akakata kona. Lori likaguna mpaka kuku wakatawanyika. Kikombe cha Muinde kikasimama njiani.

"Rudia, mzee."

Likaguna tena. Muinde akafunua injini, akamwagia mkanda maji, maana mkanda uliolegea ukilowa hubadilisha sauti. Haikubadilika. Akashikashika paipu. Akafungua chupa ya usukani, akachungulia.

"Imepungua kidogo, kama kawaida. Wacha niongeze."

Akaichukua galoni yake pale barazani ilipolala, akaiinamisha. Haikutoka kitu. Akaitikisa, akaiinamisha zaidi. Oili ikachungulia mdomoni, ikajivuta taratibu kama uji wa jana.

Muinde akasimama hivyo hivyo, galoni imeinama. Sisi hatukuwa tunajua lolote. Angeweza kusema pampu ya usukani imekufa, tungeamini.

"Mzee," akaita. "Shuka kidogo."

Thadeus akashuka.

"Sili ya pampu yako, ile raba ya kuzuia oili, inavuja tangu mwaka jana. Nikaona nikiweka oili nzito haitavuja. Kule Voi hii inateleza kama maji. Huku inaganda, pampu inashindwa kuivuta, ndiyo inalia. Na kila ukija kunilalamikia, naongeza hii hii." Akaiweka galoni chini. "Ni mimi nimekuwa nikikufunga mikono, mzee. Halafu nikakuambia ni umri. Nisamehe."

Tangu Jumapili nilikuwa nimemwekea Muinde matusi ya kutosha gunia. Nilipoyatafuta sikuyaona. Nikamjazia chai.

Thadeus akavigeuza viganja vyake. "Kwa hivyo si mikono?"

"Si mikono, mzee."

Muinde akapanda boda hadi Wundanyi na leso yangu shingoni, akarudi na oili nyekundu, ile nyepesi. Wakainua magurudumu ya mbele kwa jeki, wakamwaga ile nzito, wakajaza mpya. Thadeus naye hakukubali kukaa. Alitia mikono humo akifungua paipu, akalowa hadi kwenye viwiko, kisha akapanda kuuzungusha usukani huku na huku ili hewa itoke. Mguno ukapungua, ukawa mnong'ono, ukaisha.

"Itavuja tena," Muinde akaonya. "Kesho uje nibadilishe sili. Hiyo ndiyo ningefanya tangu mwanzo."

Sijui kama Thadeus alisikia. Walipoliteremsha lori aliuzungusha usukani kwa mkono mmoja, kisha kwa kidole. Kushoto, kulia, kushoto, magurudumu yakachimba ua wangu, na nilipopiga kelele kuhusu matairi alijifanya kiziwi.

Ndipo Crispus akafika kutoka Mraru, buti zikimeta. Akalizunguka lori, akaridhika. "Mzee, hii imetulia kabisa! Tumalize kazi."

Thadeus akazima injini. Mimi nikashika nguzo ya baraza. Neno lilikuwa limetoka, na mume wangu si mtu wa kurudisha neno.

Akashuka. "Karibu chai, Crispus. Utanisamehe, gari siuzi," akasema, akampita. Akanipita na mimi. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, aliposimama Sharon na mtoto ndani ya shali jeupe.

"Nipe huyo."

Sharon akamtazama kuanzia vidole hadi viwiko. "Baba, lakini mikono yako ina oili."

"Najua," akasema, akainyoosha.

"Mpe," nikamwambia Sharon. "Shali nitafua mimi."